Mzee Asiyeshika Shoka

Kule kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma baba yangu alikuwa na kiti cha plastiki cha bluu. Mguu wake mmoja, wa kiti nasema, uliwahi kuungua na moto wa jiko ukawa mfupi kuliko wenzake, kwa hiyo kiti kiliinama kushoto, na baba akazoea kuinama nacho kushoto hata akiwa amesimama. Siku moja sisi watoto wake wote tulikwenda kwenye foleni ya mgao. Baba akaona dumu liko tupu, akalibeba, akaenda bombani kuteka maji. Basi. Kosa lake lilikuwa hilo tu.

Tuliporudi, mtaa mzima ulikuwa unajua. Mama mmoja jirani, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, alisimama mlangoni kwake akauliza, "Jamani, huyu mzee hana watoto, au watoto ndio hawana mzee?" Jioni tukaitwa mbele ya wazee. Kaka yangu mkubwa akapiga magoti, nami nikapiga, tukaomba radhi kwa kumwacha baba abebe maji kama mtu asiye na kizazi. Tukaleta pombe ya ndizi. Baba alikuwa amekaa pale katikati kwenye kiti chake, kimya kabisa. Miaka mingi baadaye aliniambia alikwenda bombani kwa hiari yake, alikuwa amechoka kukaa, na pale bombani alicheka na watu kama ambavyo hakuwa amecheka mwaka mzima.

"Sasa kwa nini hukusema, baba?"

"Pombe ilikuwa imeshaletwa," akasema.

Tangu siku ile ya pombe hakugusa kazi yoyote. Tulimletea maji ya kunawa, tukamvua viatu, tukamvisha. Alikufa amekaa. Msibani watu walitusifu sana, wakasema wale ndio watoto. Nami nilizipokea zile sifa, nikazitunza, nikaja nazo mpaka Australia.

Hapa Sydney naishi Doonside kwa binti yangu. Yeye anafanya kazi Quakers Hill, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi hiyo ilinisumbua kuielezea kwa ndugu waliobaki kambini. Niliwaambia kuna nyumba kubwa, safi, ina joto, ambamo wazungu hupeleka baba zao, na binti yangu analipwa kuwaogesha. Shemeji yangu mmoja akauliza kwenye simu, "Kwani hao baba wamewakosea nini?" Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Halafu ikaja corona. Mwaka wa kwanza tulicheza nayo. Kwenye kundi la WhatsApp la kanisa walituma dawa ya kujifukiza, na moja ya viungo ilikuwa majani ya mkaratusi. Sasa mtu aliyekaa Sydney akikosa majani ya mkaratusi basi na akose tu kila kitu, maana mji mzima ni mkaratusi. Nikachemsha sufuria kubwa ya binti yangu jikoni, nikajifunika blanketi, nikavuta mvuke mpaka king'ora cha moto kikalia. Mjukuu wangu akafungua mlango akaniona kichwa ndani ya sufuria. "Grandpa, are you cooking yourself?" Wajukuu wangu Kiswahili wanakisikia vizuri, lakini kukijibu kwa Kiswahili ni kama umewaomba figo.

Mwaka wa pili mchezo ukaisha. Majira ya baridi yalipofika ugonjwa ulianza kuzunguka upya, na binti yangu akawa akirudi kutoka shifti ananiongelesha kutoka uani, amevaa barakoa mbili. Mapafu yangu si mazuri, na umri wangu ni sabini na kitu. Kitu chenyewe sikijui, maana karatasi zinasema nilizaliwa tarehe mosi Januari, kama kambi nzima. Ukiamini zile karatasi, mama zetu wote walijifungua siku moja.

Bosi wa binti yangu, msimamizi wa ile nyumba ya wazee, naye alikuwa na baba. Mzee wa miaka themanini na minne, mjane, anaishi peke yake kwenye milima ya theluji, mwendo wa saa sita kwa gari kutoka Sydney. Bosi alikuwa na hofu kwamba baba yake ataanguka huko na kugeuka barafu. Binti yangu alikuwa na hofu kwamba ataniletea virusi. Wakakutana kwenye korido ya kazini, wakamaliza. Mimi nikakae na yule mzee. Wakatuunganisha kama watu wanavyofunga mbuzi wawili kwa kamba moja ili wasizurure.

"Baba, ni wiki mbili tu," binti yangu akasema.

Siku chache baada ya kufika, mji ukafungwa. Nilikaa miezi mitatu na zaidi.

Yule mzee alinipokea mlangoni mwa nyumba ya mbao, theluji mpaka magotini. Alikuwa mrefu, mkavu, na nyusi zake zingetosha watu wawili. Akatazama viatu vyangu vyeusi vya kanisani.

"Hivyo ni viatu vya kuzikiwa," akasema. Akanipa mabuti.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini yeye naye hakuwa msemaji, kwa hiyo tulielewana. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyashika.

Nilidhani mtu aliyekaa peke yake mlimani anashinda anahuzunika. Ajabu ni kwamba hakuwa na nafasi. Asubuhi kabla ya chai alitoka na kitabu kidogo, akaenda kwenye mti uliochomekwa uani wenye alama, akasoma theluji imefika wapi, akaandika. Nikamwuliza nani anasoma hicho kitabu. Akasema hakuna. Halafu alirudi kulilisha donge lake la unga uliochacha. Lilikaa kwenye chupa karibu na jiko, na kila asubuhi alilipa unga na maji kama ndama aliyefiwa na mama, kisha akakata kipande akaoka mkate mgumu ambao kwetu tungeuita mkate uliokosewa. Halafu kuni. Alipasua kuni kila siku, akazipanga kwa ukubwa, ndogo na ndogo, nene na nene, ukutani, zimenyooka kuliko wanafunzi wa mstarini. Mchana alivaa mbao mbili ndefu miguuni akaenda kuteleza kati ya miti, haendi popote, anazunguka tu na kurudi. Mimi nimetembea sana maishani mwangu, nimevuka mpaka kwa miguu na mtoto mgongoni, lakini kutembea bila kukimbia kitu wala kufuata kitu nilikuona mara ya kwanza kwa huyu mzee. Jioni alifuma soksi za sufu. Mwanamume, nyusi zile, anafuma soksi.

Na mezani palikuwa na fumbo la vipande elfu mbili, vya kuunganisha mpaka vitoe picha. Picha yenyewe, mtaniamini? Nyumba ya mbao kwenye mlima wa theluji. Dirishani nyuma yake palikuwa na mlima wa theluji mzima mzima, wa bure, umeshaunganishwa. Yeye ameupa mgongo anatafuta kona ya paa.

Wiki ya kwanza, tukiwa tumekaa karibu na moto, aliniuliza, "Wewe umetumwa kunichunguza?"

"Nimetumwa kukimbia corona."

"Vyote viwili," akasema. Akafuma kidogo. "Mwanangu ana chumba tayari kwa ajili yangu kwenye ile nyumba yake. Dirisha linatazama maegesho ya magari. Siku atakayosikia siwezi kuwasha moto wangu mwenyewe, atakuja na gari kunichukua. Mke wangu alifia hapa. Nami nataka kufia hapa, nikiwa na shoka langu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi niko. Nilimaanisha. Nilijiambia kwamba huyu ni mzee wangu sasa, na hatapelekwa popote.

Basi nikaanza kumtunza. Kesho yake niliamka kabla yake, nikapasua kuni zote. Alipotoka akasimama, akatazama rundo, akazipanga upya zote maana nilichanganya nene na ndogo. Siku ya pili nikamwahi tena. Siku ya tatu nikakuta shoka halipo. Nilitafuta mpaka nikalikuta chini ya kitanda chake.

"Mzee, pumzika. Mimi ni kijana kwako."

"Shoka ni langu."

"Watu wakiona unapasua kuni na mimi nimekaa, nitaonekana mtu wa namna gani?"

Akatazama dirishani. Palikuwa na miti, theluji, na kunguru mmoja. "Watu gani?" akauliza.

Kuhusu lile fumbo niseme ukweli, ingawa naona aibu mpaka leo. Siku moja alipokwenda kuteleza, nikaona sehemu ya anga imebaki wazi, nikakaa, nikaijaza. Bluu tupu, vipande arobaini na kitu. Ilinichukua mchana mzima, macho yakaniuma, lakini nilifurahi kwamba nimempunguzia mzee kazi. Aliporudi akavua mabuti, akaja mezani, akaona. Akavuta kiti. Akatoa vipande vyangu kimoja kimoja, akavirudisha kwenye boksi, akaufunga mfuniko, akaenda kuoka mkate. Mtu mwingine angejifunza hapo. Mimi nilisema moyoni kwamba uzee umemwingia kichwani, na nikamhurumia zaidi.

Kila Jumapili baada ya ibada ya Zoom, ambayo kwangu ilikuwa dakika hamsini za kuambiwa nimejizima sauti, simu ilipigwa kutoka kazini kwa binti yangu; mzee mwenyewe hakupenda simu, kwa hiyo niliongea mimi. Bosi anauliza kwa Kiingereza, binti yangu ananigeuzia, mimi namjibu kwa Kiswahili, yeye anamgeuzia bosi. Kule Sydney mambo yalikuwa mabaya. Binti yangu alisema helikopta inazunguka juu ya paa zetu kuangalia kama tumekaa ndani, wakati upande wa baharini watu wanatembeza mbwa. Alisema pia kwamba majirani wote wameanza kuoka mkate wa unga uliochacha na kuunganisha mafumbo. Nikamwambia nimeshavizoea, mimi niko kwenye chanzo.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mwezi wangu wa pili kule mlimani nilikwenda bandani kuchukua kuni, kwa ubishi tu, ili kumwahi, na nikateleza kwenye barafu. Kifundo cha mguu kikageuka kilikotaka. Nililala pale nikipiga kelele kwa lugha yangu ya nyumbani. Yule mzee akatoka na kile kigari chake cha mbao kisicho na magurudumu, cha kuburutia kuni. Akanikunja, akanipakia, akafunga kamba kiunoni mwake, akaniburuta mpaka mlangoni. Miaka themanini na minne! Nikamwambia kwa Kiingereza changu aniache nitambae. Akaniambia, "Nyamaza, kuni haziongei."

Akanikandika theluji kwenye kifundo. Akanipikia. Kwa siku kumi na mbili alinishika mkono kunipeleka chooni, akanivisha soksi alizozifuma mwenyewe, kijivu, zenye mstari mwekundu. Mimi, niliyekwenda kumtunza.

Jumapili ya katikati ya siku hizo simu ikaja. Mguu wangu ulikuwa juu ya stuli. Mzee alikuwa jikoni akikoroga supu, shoka limeegemea ukuta baada ya kazi ya asubuhi. Bosi akauliza baba yake anaendeleaje.

Jiwekeni mahali pangu. Nitamwambiaje mtu mzima, mwenye cheo, anayemwajiri mwanangu, kwamba baba yako wa miaka themanini na minne anapasua kuni, anapika, na anamburuta mgeni kwenye theluji kama punda? Kwetu hayo ni matusi. Ni kumwambia kwamba amemtupa baba yake, na kwamba mimi niliyepo nimekaa namtazama. Nikamkumbuka yule mama wa sauti. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikatoa sifa kwa namna ninayoijua.

"Mwambie baba yake ametulia kabisa," nikasema. "Hashiki shoka. Hapiki. Asubuhi namvisha soksi, namkalisha karibu na moto, namletea chai mkononi. Chooni nampeleka mwenyewe. Hata mlango hafungui. Mwambie asihangaike kumhamisha, mzee ana mtu."

Binti yangu akauliza, "Baba, nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usipunguze."

Akamwambia. Bosi akashukuru kwa sauti ya chini sana. Nikaona nimemgusa moyo.

"Umemwambia nini?" mzee akauliza kutoka jikoni.

"Nimekusifu."

"Vizuri," akasema, akaniongeza supu.

Na Jumapili zilizofuata nikaongeza chumvi. Sifa ikishaanza huwezi kuirudisha nyuma. Nikasema namkatia nyama. Nikasema namfunga vifungo. Nadhani Jumapili moja nilimlisha kwa kijiko.

Majira yao ya kuchipua yalipoanza, theluji ikachakaa ikawa kijivu kama shuka la hospitali, na mji ukafunguliwa. Bosi akafika siku ya kwanza aliyoruhusiwa, na gari kubwa, na binti yangu mbele. Mzee alikuwa amebakiza vipande vichache tu vya anga. Aliposikia gari hakuinuka, akadhani ni matembezi. Bosi akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika baba yake mikono, akaanza kuzungumza naye polepole na kwa sauti kubwa, kama wanavyozungumza na wale wa Quakers Hill. Nilisikia neno chumba.

Nikashika kiegemeo cha kiti. "He strong," nikasema. "Very strong. He cut wood. He pull me."

Bosi akainuka, akaniwekea mkono begani, macho yana maji. "Wewe ni mtu mwema sana," akasema. "Bila wewe tusingejua hali yake."

"Mwambie!" nikamgeukia binti yangu. "Mwambie mimi ndiye niliyevishwa soksi!"

Akamwambia. Bosi akatabasamu, akasema baba wa kwetu wana heshima ya ajabu, wanamsitiri mwenzao mpaka mwisho. Kila nilivyokana ndivyo nilivyozidi kuwa mtu mwema. Nikavua kiatu nikamwonyesha kifundo. Kilikuwa kimepona.

Kwenye gari binti yangu akaniambia, "Baba, mimi nilisema ulichoniambia niseme."

"Wewe umekulia kambini. Unajua mtu anasemaje."

"Nilijua," akasema. "Nilidhani safari hii ni kweli."

Mzee alikaa mbele na mwanawe, hakugeuka. Shoka lilibaki. Chupa ya donge ilibaki. 

Ilipita miezi kabla wageni hawajaruhusiwa kule Quakers Hill. Nikapanda treni Doonside, nikabadilisha Blacktown, nikafika na cheti changu cha chanjo mkononi. Wakaniingiza kijiti puani, wakanipima joto, wakanivisha barakoa, wakanikalisha ukumbini. Pale ukumbini mezani palikuwa na fumbo la vipande kumi na viwili, vikubwa kama viganja, picha ya paka. Dada mmoja wa kazi alikuwa anamshikia bibi mmoja mkono, anamwonyesha kipande kinapokwenda.

Wakamleta kwa kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Nyusi walikuwa wamezikata. Akanitambua, nikaona.

Chai ikaletwa. Nikasema yote, kwa kile Kiingereza changu, bila kuruka kitu. Nikamweleza kwamba kwetu mzee anayefanya kazi ni aibu ya watoto wake. Nikamweleza habari ya dumu la maji na pombe ya ndizi. Nikamweleza nilichosema kwenye simu.

"Ulimwambia unanivisha soksi," akasema.

"Ndiyo."

"Na kijiko?"

"Na kijiko."

Akaweka kikombe chini. Halafu akatoa blanketi magotini, akalikunja mara mbili, akaliweka mezani juu ya paka. Kamba ya kiatu chake kimoja ilikuwa imefunguka. Akainama kuifunga. Kamba ikamponyoka mara ya kwanza, ikamponyoka mara ya pili. Mikono yangu ilitaka kwenda yenyewe, nawaambia kweli, ilikuwa imeshaondoka mapajani. Nikaikalia. Nikakaa juu ya mikono yangu kama mtoto aliyekatazwa sukari, nikamtazama akifunga kamba ile mpaka ikakaa.

Dada wa kazi akaja mbio. "Subiri, mpenzi, nikusaidie!"

"Mwache," nikasema.

Mzee akashika meza, akainuka. Akasimama kidogo mpaka miguu ikamkubali. Halafu akakipa kisogo kile kiti cha magurudumu, akapita kando yangu bila kunigusa, akashika njia ya koridoni kuelekea vyumbani, polepole, mguu mmoja halafu mwingine, kama ana zile mbao ndefu miguuni. Mwishoni akakunja kona.

Nilingoja. Chai yangu ikaganda utando, na yake pia. Nilingoja mpaka binti yangu akaja na sare yake ya kazi kuniambia saa ya wageni imekwisha. Hakurudi.